Namna mi nililinda kanisa yetu ya Kapata

Siku ya yenga, tarehe 4 mwezi wa munane

Nimerudi ku kanisa. Muguu ya kushoto inauma. Vumbi ya Kapata iko mu pua, mu meno, mu Biblia. Nimechoka. Lakini moyo unacheza.

Leo balituiba. Mu kanisa! Ilikuwa sala ya mwisho, macho yote imefungwa, na pikipiki ya Pasteur Nkulu ikapotea inje mu lupango, mu kiwanja ya kanisa, palepale chini ya dirisha. Tulisema amina, tukatoka, tukakuta alama ya mafuta tu.

Pasteur aliturudisha ndani. Jasho mu uso. Aliuliza nani anaweza kujitolea kuanzisha équipe ya sécurité, batu ba kulinda kanisa. Bila mushahara, kazi ya Bwana. Batata bote, banaume ba kanisa, baliangalia biatu yao sawa vile baliinunua jana. Mi nikanyoosha mukono.

Kanisa nzima iligeuka. Mama Elise alicheka. Mama Elise ndiye mukubwa wa Protocole, bale bamama benye kuvaa gants nyeupe ku mikono na kuonyesha batu pa kukaa. Alimuambia jirani yake, kwa sauti ya kunifikia vizuri, eti mwizi akirudi mama Domitille, njo mi, atamukalia. Bamama bakacheka. Na mi nilicheka. Kwa nje.

Hakuna mutu anajua sababu. Ninaandika hapa tu. Si juu ya pikipiki. Ni juu ya Gracien, mutoto yangu wa mwisho, mwenye mabega sawa kabati. Anachimba madini ku Mutoshi na bijana benzake, mu eneo ya kompani, bila ruhusa. Siku ya yenga njo anapenda kushuka mu shimo, juu walinzi wanakuwa wachache. Basi kila yenga mi ninaimba na sikio moja, ile ingine inangoja simu ilie. Nimechoka na kuimba vile.

Sasa sikiliza akili yenye Mungu alinipa palepale, wakati batata baliangalia biatu. Sécurité inahitaji mukubwa. Mukubwa hawezi kukosa. Mukubwa ni Gracien. Yenga moja mu kanisa ni yenga moja hayuko chini ya udongo.

Tata Kalumba, bwana yangu, nilimuambia habari ya pikipiki tu. Alisema, mama Gracien, pumuzika. Ndiyo jibu yake kwa kila kitu tangu kompani ya madini ilimupa retraite, kazi ikaisha.


Siku ya pili, tarehe 6

Gracien alikuja kuchukua nguo zake. Nilikuwa nimepika samaki na mboga ya lengalenga, bukari ya mahindi ya moto, pilipili pembeni. Nilingoja mudomo ujae. Nikamuambia kanisa imemuchagua.

Alikataa na mudomo umejaa. Eti polisi banatufukuza siku zote, na wewe mama unataka nikuwe polisi ya Mungu?

Nililia kidogo. Alinipa kipande ya samaki yake. Mutoto muzuri! Lakini samaki si jibu.

Basi nikatupa ndoano ingine. Nilisema, pole tu, ile kazi iko na gilet ya kuvaa juu ya shati. Na casque mupya ya kulinda kichwa. Hapo akaacha kutafuna. Casque yake ilipasuka tangu Pasaka, ameifunga na kamba. Akauliza, casque ya namna gani? Iko na taa?

Nikasema iko na taa.

Bwana anisamehe. Mudomo ulitangulia.

Alisema kama ni ya taa, atakuja. Na benzake batakuja. Sasa mi njo natafuta casque za taa mu Kolwezi yote, na muguu hii.


Siku ya ine, tarehe 8

Nilienda kwa tata Benoît. Anasali na sisi, na anafanya kazi ya sécurité ku kompani moja ya mine, ya kuchimba madini. Mutu wa utaratibu. Hata ku nyumba kwake ameandika pa mulango "angalia ngazi". Ngazi iko moja na iko fupi kuliko kiatu.

Alinifundisha. Kwao mutu hashiki hata kalamu mbele causerie haijaisha. Ni maneno ya dakika tano asubuhi: hatari ya leo ni hii, mulango ya kutokea ni ile, tukisikia alarme, sauti ya hatari, tunakusanyika fasi fulani, mahali ya usalama. Na mugeni haingii bila casque, bila gilet, bila mutu wa kumusindikiza. Niliona uzuri wake. Sisi tunaingia kwa Mungu ovyo!

Alinikopesha gilets za orange zilizozeeka na casques. Hakuna hata moja ya taa. Niliuliza mara mbili. Alishangaa, eti kanisa inaingia chini ya ardhi?

Akasema tena kwamba roho ya sécurité ni alarme. Sisi tuko na kipande ya reli tu, tunaigonga asubuhi kuita batu. Alarme hatuna. Lakini nilikumbuka tata Tshibangu, rafiki ya Kalumba tangu kazi ya kompani. Siku balifunga atelier ya kompani, sirène, ile mashine ya kulia ya kuzungusha na mukono, ilimufuata mupaka kwake. Iko mu nyumba ya kuku. Nilipitia kule. Iko kweli! Lakini kuku mumoja ameilalia na mayai. Tata Tshibangu alisema sirène atanipa, kuku hawezi kumuondoa. Tungoje bitoto bitoke.

Nilirudi kwa muguu. Kichwa inauma sasa, pamoja na muguu.


Siku ya posho, tarehe 10

Mazoezi mu lupango ya kanisa. Balikuja! Gracien na benzake, bote bachimbaji, mikono sawa majembe. Balivaa gilets. Baliangalia casques. Gracien aligeuza yake, akaangalia mbele, akaangalia ndani, akaniangalia mi.

Nikasema taa iko njiani.

Na Mama Elise akatokea, mikono imekunjwa. Aliuliza ni carnaval gani. Nilimujibu kwa upole kwamba ni sécurité, na kesho sécurité itasimama pa mulango. Weh! Alisema mulango ni ya Protocole tangu kanisa haijapata bati. Mi nikasema hatari haipitii dirisha. Yeye akasema pikipiki ilikuwa chini ya dirisha, mama présidente. Bijana bangu bakacheka! Bijana bangu!

Pasteur Nkulu alitoka kutuamua. Ni mutu amechoka, yule, kuliko mi. Akakata mulango: ubao wa kushoto wa Elise, ubao wa kulia wangu. Akarudi ndani bila kutuangalia.


Siku ya yenga, tarehe 11

Siku nzuri. Tuseme nusu nzuri.

Nilianza na causerie. Tata Benoît alisema dakika tano, lakini yeye hana bamama ba kuelimisha. Nilionyesha milango. Nilieleza kwamba mulango wa nyuma umefungwa na ngoma za chorale, basi ni mulango wa imani. Nilisema fasi ya kukusanyika ni pale pa poteau, nguzo ya goli ya football. Nilisema juu ya nyoka, juu ya umeme, juu ya bisigino birefu. Wakati nilifika ku moto, chorale ilianza kuimba bila kuitwa.

Tulikuwa na mugeni, Pasteur Kabemba kutoka Musumba. Njia ya kule ni mchanga na mashimo, alifika na mugongo umekunjika. Gracien alimusimamisha ku mulango. Upande yangu! Mugeni, casque. Mugeni, gilet. Na kijana mumoja wa kumusindikiza mupaka ku madhabahu. Mutumishi wa Mungu alifikiri ndiyo desturi ya Kolwezi. Alivaa. Alihubiri na casque muda wote, jasho linashuka, kijana wangu amesimama kando yake sawa malaika wa orange. Mwishoni alishukuru sana, akasema na kule Musumba batajaribu.

Mama Elise alikuwa anauma gants.

Lakini andika hii kwanza, Domitille: Gracien alibaki mupaka mwisho. Mutoto yangu alisimama pa mulango ya Bwana siku ya yenga na jua lilikuwa linamupiga usoni. Niliimba na masikio yote mbili.

Halafu tukarudi ku nyumba, akasema yenga ingine hakuji. Si taa tu. Eti ile kazi haina kazi. Anasimama, anasimama, hakuna kitu. Ku Mutoshi angalau kitu kinatokea.

Ile neno. "Kinatokea." Sikumaliza chakula.

Basi anataka kitu kitokee? Kitatokea.


Siku ya ine, tarehe 15

Bitoto bya kuku bilitoka. Sirène ni yangu.

Niliisafisha mbele ya nyumba, manyoya, mavi, kutu. Nikaipaka mafuta ya mawese, juu mafuta ingine hatuna. Tata Kalumba alikuja na kiti yake, akaikuta. Aliigusa na kidole kimoja, sawa mutu anagusa mbwa yenye ilimuuma zamani. Alisema, mama Gracien, hii kitu ilitutawala. Rudisha.

Sikuuliza ilibatawala namna gani. Maharagi ilikuwa inaungua.

Gracien nilimutumia neno: yenga hii mukubwa wa sécurité lazima awepo, kuna habari kubwa. Sikusema habari gani. Hakuna mutu nilimuambia. Tata Benoît alisema exercice ya kweli, ya kujaribu alarme, ni ile batu habajui. Sawa. Sirène italia, batu batashituka, Gracien atanyoosha mikono yake na kubaongoza mupaka ku poteau. Kanisa nzima itaona. Na yeye ataona. Mutu mwenye ameokoa kanisa nzima, anawezaje kurudi mu shimo?


Siku ya yenga, tarehe 18

Nilale tu. Lakini niandike kwanza.

Nilijificha nyuma ya sacristie, kale kachumba ka Pasteur, na sirène yangu. Nilisikia Pasteur amefika pazuri, pale Petro anatembea juu ya maji. Nikazungusha. Ilikohoa manyoya. Nikazungusha na mikono yote mbili. Na ikalia. Yesu wangu, ile sauti! Mbwa za Kapata yote zilijibu.

Sasa nieleze nilichoona kwa tundu ya ukuta.

Batata bazee balisimama. Bote mara moja. Hakuna mumoja alikimbia. Balichukua makofia, bakaagana na kichwa, bakatoka mustari mumoja, pole pole, Tata Kalumba mbele na tata Tshibangu nyuma yake. Hakuna hata mumoja alienda ku poteau. Kila mutu alishika njia ya nyumba yake! Bale bote balifanya kazi ku kompani. Ile sirène ilikuwa inabatoa ku kazi kila mangaribi, maisha yao yote. Petro alibaki juu ya maji peke yake.

Na équipe yangu? Ku Mutoshi sirène ni gari ya walinzi na mbwa. Sécurité ya kanisa njo ilikuwa ya kwanza kuruka ukuta. Niliona gilets za orange zinapotea upande wa soko. Na mabega ya Gracien kati yao.

Bamama na batoto balibaki banapiga kelele. Na nani alisimama kati yao bila kutikisika? Ubao wa kushoto. Mama Elise alinyoosha gants zake nyeupe, akashika Pasteur mukono, akaita batoto, akabapeleka bote ku poteau ya football. Poteau YANGU. Causerie yangu alikuwa ameisikiliza neno kwa neno, mwanamuke yule!

Mi nilikuwa ningali nazungusha. Sijui juu ya nini. Mikono haikujua kuacha. Halafu mukono mwingine ulishika mukono yangu, mukubwa, wa kukwaruza. Gracien. Alikuwa ameruka ukuta mara ya pili, kurudi ndani. Alinitafuta mu kanisa, chini ya bibao bya kukalia, bibao yote. Alisema, mama, mi nilifikiri wewe...

Alinitoa mukono juu ya mashine, kidole kwa kidole.

Nilifika ku nyumba. Tata Kalumba alikuwa ameshanawa, ameketi ku meza, Biblia kwapani sawa gamelle ya chakula ya kazi, anangoja bukari. Saa ine ya asubuhi! Nilimuuliza: kweli baba, na wewe ukatoka? Alisema miguu ilisikia sirène mbele yeye asikie.


Siku ya kwanza, tarehe 19

Pasteur aliniita. Sécurité imefungwa. Ulinzi, gilets, casques, na ubao wa kulia, yote inarudi kwa Protocole. Mama Elise alikuwa amekaa pale, magoti pamoja, amenyamaza kwa furaha. Jana ileile alikuwa ameshakusanya gilets kwa bijana na kuzifua. Na kupiga pasi!

Nilisema sawa, lakini pikipiki ya Pasteur nani ataitafuta? Pasteur akakohoa. Pikipiki ilirudi zamani. Shemeji yake alikuwa ameichukua kwenda kumuona mugonjwa, na alimuambia Pasteur asubuhi ile, mbele ibada ianze. Pasteur alisahau. Halafu aliona tumeshaanza na moto mingi, akaona haya.

Nilitembea kurudi. Sikukasirika hata. Kukasirika kunataka nguvu.


Siku ya tano, tarehe 23

Gracien alikuja leo. Nilikuwa natwanga majani ya sombe. Aliniondolea muti ya kutwangia mu mukono, akatwanga yeye. Alisema yenga atakuja ku kanisa.

Nikashika kinu isitikisike.

Alisema pale pa mulango alikuwa anasikia kuimba, na ilimukumbusha bitu. Atakuja, atakaa, ataimba, basi. Hakuna gilet, mama. Hakuna casque. Hakuna mukubwa wa hiki, mukubwa wa kile. Nikae sawa mutu. Ukinipa kazi, natoka.

Niliahidi. Alisema apana, leta Biblia. Nilileta, nikaweka mukono. Alisema, yote mbili. Nikaweka yote mbili.

Kumbe ilikuwa nyepesi vile. Hata muguu hauumi sana leo.


Siku ya yenga, tarehe 25

Alikuja! Biatu nyeupe, shati ya pasi. Alikaa ubao wa mwisho karibu na baba yake, na sauti yake nzito ilinifikia kule mbele, juu ya migongo yote. Nilikuwa nageuka kila wakati. Mama Elise alinipitia na kunong'ona, mama, shingo itavunjika. Hata yeye nilimupenda.

Nilifikiri: Bwana, sasa nipumuzike.

Halafu matangazo. Pasteur alisema mwezi ujao chorales zote za upande yetu zitakuja kuimba kwetu. Inataka mutu wa kutafuta biti bya kukalia mu manyumba na kubileta. Nani anajitolea? Batata, biatu.

Nilijikaza. Mungu ni shahidi. Nilishika mukono na mukono mwingine. Nikaikalia yote mbili. Lakini nilikuwa nawaza: biti ni kazi? Biti si kazi. Ni biti. Na mutu akikaa bure ubao wa mwisho, yenga moja, mbili, nani anamushika asirudi Mutoshi? Ubao hauna kamba. Na Biblia niliigusa na mikono, si na mudomo.

Nikasikia mutu anaita kwa nguvu: Gracien Kalumba, Président ya biti!

Ni mi.

Kanisa ilipiga makofi. Mama Elise naye, na gants, bila sauti. Gracien alisimama. Alinitazama kutoka kule nyuma, si na hasira, na ile uchovu najua, ni yangu alirithi. Alivaa kofia, akatoka pole pole.

Sasa ni mangaribi. Hakwenda Mutoshi. Biatu ingali nyeupe, niliangalia. Amekaa inje na baba yake, banasikiliza football ku radio. Alikula yote, lakini hanisemeshi. Kwa dirisha nilisikia anamuambia baba yake kwamba yenga inayokuja, ataona. Ataona! Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nimeomba muda mrefu, magoti yamekufa ganzi, na Mungu amenifungua macho. Nimeona kosa yangu. Iko wazi sawa jua. Président! Mu Kapata nani si président? Hata bamama ba robinet, bale ba kuchota maji, beko na présidente, na makamu wake. Kijana wa mabega vile, unamusimamisha mbele ya kanisa nzima na unamupa kacheo kadogo sawa kale? Na mi ningetoka.

Kesho asubuhi nitamuona Pasteur, mbele hajakunywa chai. Cheo ya Gracien: Coordinateur.